Kutuliza Sainasi Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Wanaoishi na Vumbi na Baridi ya Nakuru

Husemwa kwamba jina la Nakuru limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na yeyote aliyewahi kutembea barabara za ndani za Kaptembwa au Lanet mwezi wa Februari, kabla masika hayajaanza, hana sababu ya kubisha. Ifikapo Juni na Julai vumbi hutulia, baridi ikachukua zamu, madirisha yakafungwa, na mafua yakaanza kutembea nyumba hadi nyumba. Katikati ya misimu hiyo miwili tumo sisi ambao pua huziba, paji la uso likawa zito, na mashavu yakauma kila tunapoinama kufua, kusujudu au kuokota kitu sakafuni. Tunasema tuna sainasi, kisha tunaanza kujitibu kwa lolote tuliloambiwa na jirani.

Mimi mwenyewe nilijitibu vibaya kwa miaka kadhaa kabla ya kujifunza yaliyomo humu. Nililolielewa mwishoni ni kwamba pua ina njia yake ya kujisafisha, na tiba ya nyumbani yenye thamani ni ile inayoisaidia kazi hiyo. Nyingine zote ama ni kitulizo tu, jambo ambalo si baya, ama ni madhara.

Kinachoziba, na kwa nini kinauma

Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vidogo vya hewa, navyo ndivyo viitwavyo sainasi, jozi nne kwa jumla: mashavuni, kwenye paji la uso, katikati ya macho, na ndani kabisa nyuma ya pua. Kuta zake zimefunikwa na utando mwembamba unaotoa ute, na juu ya utando huo mna vinyweleo visivyoonekana kwa macho ambavyo husukuma ute pamoja na vumbi na vijidudu kuelekea puani. Milango ya vyumba hivyo ni myembamba mno. Chumba cha shavuni kina taabu zaidi, kwa kuwa mlango wake uko juu, karibu na dari, hivi kwamba ute hauwezi kumwagika wenyewe ukiwa umesimama. Ni lazima vinyweleo viupandishe. Utando unapovimba kwa mafua au kwa aleji, mlango hujifunga, ute hukwama na kuwa mzito, na shinikizo lake ndilo tunaloliita maumivu ya sainasi.

Ukielewa jambo hilo utaelewa pia kwa nini hakuna dawa ya kunywa ya jikoni inayoweza “kuyeyusha” sainasi. Kazi iliyopo ni kupunguza uvimbe, kulainisha ute na kuvipa vile vinyweleo nafasi ya kufanya kazi.

Hakikisha kwanza kwamba ni sainasi

Kiswahili kina neno kipandauso tangu zamani, na nadhani tumelisahau mapema mno. Watu wengi wanaolalamikia “kichwa cha sainasi” kwa kweli wana kipandauso: maumivu hupiga kama ngoma, mara nyingi upande mmoja, yakiandamana na kichefuchefu au kuchukia mwanga na kelele, kisha huisha baada ya saa kadhaa au siku chache na kurudi tena wiki nyingine. Kipandauso huweza hata kutoa machozi na kuziba pua kidogo, ndiyo maana hudanganya. Ikiwa hivyo ndivyo unavyoumwa, na huna kamasi nzito wala pua haijapoteza uwezo wa kunusa, kuosha pua hakutakusaidia. Tafuta tiba ya kipandauso.

Aleji nayo hujitambulisha kwa kuwasha. Pua inawasha, macho yanawasha, unapiga chafya mfululizo asubuhi, na kamasi ni nyepesi kama maji. Huwa inakuja unapotikisa blanketi, unapofagia, au msimu wa kupukuchua mahindi, wakati vumbi la magunzi linapojaa uani.

Sainasi yenyewe kwa kawaida hufuata mafua. Pua huziba, kamasi huwa nzito na hutiririka nyuma ya koo hadi ukakohoa usiku, uso huuma au kujaa, harufu ya chakula hupotea, na wakati mwingine meno ya juu huuma yote kwa pamoja. Likiuma jino moja tu la juu, huku kamasi yenye harufu mbaya ikitoka upande huohuo, mwone daktari wa meno kabla ya mwingine yeyote, kwa kuwa mizizi ya magego ya juu iko karibu sana na sakafu ya chumba cha shavuni na usaha wa jino hupenya hadi humo.

Kisha anza kuhesabu siku. Andika tarehe ambayo mafua yalianza, hata kama ni kwenye kalenda ya ukutani, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia la kufanya. Kati ya watu wazima 100 wanaopata mafua ya virusi, wasiozidi wawili hivi ndio huishia kupata maambukizi ya bakteria kwenye sainasi. Waliobaki hupona wenyewe, wengi wao ndani ya siku 7 hadi 10. Rangi ya kamasi haisemi lolote la kutegemewa: kamasi ya kijani au ya manjano hutokana na chembe za kinga za mwili, na hutokea katika mafua ya virusi vilevile.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi

Hii ndiyo tiba ya nyumbani ninayoipa nafasi ya kwanza, na ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu, maana ikifanywa vizuri hupunguza uzito wa uso siku hiyohiyo, na ikifanywa vibaya huleta maumivu au hatari. Mara yangu ya kwanza nilivuta puani maji baridi ya bomba, bila chumvi, kwa kiganja. Ulikuwa ni moto mtupu hadi nyuma ya macho, nikaapa sitarudia. Kosa halikuwa la tiba. Majimaji ya mwili yana chumvi ya kiasi cha gramu 9 kwa kila lita, na maji matupu yakigusa utando wa pua huingia kwenye chembe zake na kuziumiza. Yakiwa na chumvi ya kiasi hicho, na uvuguvugu wa mwili, pua huyapokea bila kulalamika.

Andaa maji kwanza. Maji ya bomba, ya kisima, ya mvua na hata ya chupa ya dukani hayaingizwi puani kabla ya kuchemshwa. Tumbo lina asidi ya kuua vijidudu vingi, lakini pua haina, na yapo maji yenye amiba ambaye akipanda puani huweza kufika kwenye ubongo. Ni ugonjwa wa nadra sana, ila anayeupata kwa kawaida haponi. Kanuni ya kawaida ni kuacha maji yachemke kwa nguvu kwa dakika 1, na kwa maeneo yaliyo juu ya mita 2,000 hivi, dakika 3, kwa kuwa kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka yakiwa na joto dogo zaidi. Mji wa Nakuru uko kwenye mita 1,850 hivi na maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Molo iko juu zaidi, na huko huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Kwa hiyo mtu wa Nakuru, Njoro au Molo asijisumbue kupima mwinuko: aweke dakika 3 na amalize. Yafunike yapoe, na uyatumie ndani ya saa 24. Yakibaki baada ya hapo yapeleke kwenye mboga.

Kwenye nusu lita ya maji hayo tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu, au nusu kijiko kwa kikombe cha robo lita. Ukiwa na bikaboneti ya kuokea, ongeza robo kijiko kwa nusu lita, nayo itapunguza ukali. Hapa naomba msomaji wa magharibi mwa Kenya, ambaye jikoni kwake hapakosi magadi ya kulainishia mboga za kienyeji, anisikilize vizuri: magadi si bikaboneti. Yana ukali wa kuunguza utando wa pua, na mahali pake ni kwenye chungu cha mrenda au kunde. Unga wa hamira na ule wa kuumulia keki pia si badala yake. Chumvi yetu ya mezani hutiwa iodini kwa mujibu wa sheria, na pua chache huiona ikiwasha. Ikiwa yako ni mojawapo, punguza chumvi kidogo kabla ya kukata tamaa.

Chombo kinaweza kuwa chupa laini ya kufinya inayouzwa kwa kazi hiyo, au bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe, kutoka duka lolote la dawa. Kioshe kwa sabuni, kisuuze kwa maji yaliyochemshwa, kisha kikauke kikiwa kimeinamishwa. Kila mtu awe na chake.

Sasa osha mikono na uiname juu ya sinki au karai. Pima joto la maji kwa tone kwenye kifundo cha mkono kwa ndani, kama anavyofanya mama anayepoza maziwa ya mtoto. Usipohisi joto wala baridi, yako tayari. Geuza kichwa upande, tundu moja la pua liwe juu ya jingine, paji na kidevu vikikaribia usawa mmoja. Usikiangushe kichwa nyuma, maana maji yatashuka kooni. Fungua mdomo na upumue kwa mdomo pekee. Ukitoa sauti ndefu ya “aaa” njia ya koo hujifunga na hofu ya kupaliwa huisha. Weka ncha ya chombo kwenye tundu la juu bila kulikandamiza, na usukume maji taratibu. Baada ya sekunde chache utasikia ubaridi mdogo nyuma ya pua, kisha maji yatatoka tundu la pili, mwanzoni matone, halafu mkondo, na mara nyingi yatafuatwa na uzi mrefu wa kamasi nzito ambao utakushangaza ulikuwa umejificha wapi. Tumia nusu ya maji upande huo, na nusu iliyobaki upande wa pili.

Ukimaliza, inama dakika moja maji yaliyobaki yadondoke, kisha penga kamasi taratibu, tundu moja baada ya jingine. Kubana matundu yote mawili na kupenga kwa nguvu husukuma uchafu kuelekea masikioni, nayo ni tabia ambayo wengi wetu tumefunzwa tangu utotoni. Wakati wa ugonjwa osha mara moja au mbili kwa siku. Usioshe dakika ya mwisho kabla ya kulala, kwa sababu maji yaliyobaki kwenye vyumba vile hutoka ghafla ukishalala; yape saa moja hivi. Asioshe kabisa mtu ambaye pua imeziba kiasi kwamba maji hayapiti, anayeumwa sikio, anayetokwa damu puani mara kwa mara, au aliyefanyiwa upasuaji wa pua au sikio karibuni bila kumuuliza daktari wake. Mtoto mdogo asiyeweza kufuata maelekezo atatosheka na matone machache ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa dukani.

Kujifukiza, na blanketi la mama

Najua msomaji alilitarajia hili liwe la kwanza. Nyumbani kwetu lilikuwa la kwanza na la mwisho: sufuria ya maji yaliyotoka kuchemka, majani ya mkaratusi ndani yake, mgonjwa ameketi kigodani, na blanketi zito juu ya vyote viwili. Mwaka mmoja ilikuwa zamu ya mpwa wangu wa miaka sita. Alivumilia kidogo, kisha akasema kutoka chini ya blanketi, “Nyanya, siwezi kupumua,” na kabla mama hajamfunua alikuwa amerusha mguu. Maji yote yalimwagikia paja lake. Hadi leo ana kovu la ukubwa wa kiganja, na mafua yale yangeisha yenyewe Jumamosi yake.

Mvuke hulainisha kamasi kwa muda na huburudisha. Haujathibitika kuponya sainasi. Kwa hiyo faida yake ni ndogo, na hatari ya kuungua ni kubwa. Mtoto asifukizwe kwa sufuria hata siku moja. Mtu mzima akitaka mvuke, aoge maji ya moto mlango wa bafu ukiwa umefungwa, au ainamie kikombe kikubwa cha chai akinywa polepole. Asiyeweza kuacha beseni aliweke katikati ya meza pana, aache maji yatulie dakika kadhaa baada ya kuepuliwa, na atumie taulo jepesi badala ya blanketi. Kamwe usiingize jiko la makaa chumbani ili sufuria iendelee kutoa mvuke usiku: makaa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini.

Mkaratusi na mafuta ya mentoli huzifanya neva za pua zihisi ubaridi, hivyo ukadhani njia imefunguka ilhali uvimbe uko palepale. Hakuna ubaya kujipaka kifuani ukitaka kulala. Usiyapake ndani ya pua, usimpake mtoto wa chini ya miaka miwili, na mafuta ya mkaratusi yasinywewe na yeyote, kwa kuwa kiasi kidogo tu huweza kumtia mtoto degedege.

Vitulizo visivyo na madhara

Kitambaa kilicholowekwa maji ya moto na kukamuliwa, kikiwekwa juu ya pua na mashavu kwa dakika 5 hadi 10, hupunguza maumivu vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Lala kichwa kikiwa juu kwa mto wa pili. Kunywa maji, supu au uji wa kutosha mkojo usiwe mzito. Ile “dawa” yetu ya tangawizi, limau na asali hulainisha koo na kukupa sababu ya kukaa chini, nami huinywa. Ila mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali.

Wanaotia punje ya kitunguu saumu puani hufurahi wanapoitoa na kuona kamasi ikimiminika. Kamasi hiyo ni kilio cha utando uliochomwa, wala haikutoka kwenye sainasi. Maji ya limau, ya kitunguu au ya pilipili yana kisa hichohicho, na ugoro wa wazee, pamoja na kupigisha chafya zote hizo, huacha utando umekereka na mvutaji akiwa mtumwa wake.

Ukiingia duka la dawa

Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Soma pakiti ya vidonge vya mafua, kwani vingi vina parasetamoli ndani yake na ni rahisi kuimeza mara mbili bila kujua. Vidonge vya kuzibua pua huweza kupandisha presha, kwa hiyo mwenye presha au ugonjwa wa moyo aulize kwanza. Dawa za kupuliza zenye oksimetazolini au zailometazolini hufungua pua ndani ya dakika chache, na hapo ndipo mtego ulipo: zikipita siku 3 hadi 5 pua huzoea, ikaziba zaidi kila dawa inapoisha nguvu. Dawa za kupuliza zenye steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, ni jambo tofauti. Hufanya kazi polepole, husaidia sana wenye aleji na sainasi sugu, na hupulizwa baada ya kuosha pua, wala si kabla.

Antibayotiki niliuziwa mara tatu mwaka mmoja, juu ya kaunta, bila hata kuulizwa nimeumwa siku ngapi. Mara zote tatu nilipona, na mara zote tatu nilikuwa nimeshafika siku ya nane.

Nyumba na shamba

Nyunyiza maji kabla ya kufagia, au futa kwa kitambaa kibichi. Anika blanketi na godoro juani, na fua mashuka kwa maji ya moto kila wiki ikiwa aleji ndiyo inayokusumbua. Pikia mahali penye dirisha wazi au nje, kwa kuwa moshi wa kuni na wa sigara hulemaza vilevile vinyweleo tulivyoanza navyo. Unapopukuchua mahindi, au unapofanya kazi karibu na mashine ya kuvuna ngano kule Njoro, vaa barakoa, na uoshe pua jioni hiyohiyo bila kungoja kuugua.

Wakati wa kuacha tiba za nyumbani

Nenda ukapimwe ikiwa siku 10 zimepita bila nafuu yoyote. Ikiwa ulipata nafuu kisha ukazidiwa upya. Au ikiwa una homa ya nyuzi 39 na zaidi pamoja na maumivu makali ya uso na kamasi ya usaha kwa siku tatu au nne mfululizo. Hapo antibayotiki zina nafasi yake. Dalili zikidumu wiki 12 ni sainasi sugu, na anayefaa kuiangalia ni daktari wa masikio, pua na koo. Mtoto anayetokwa na kamasi inayonuka upande mmoja tu huenda ametia punje ya harage au shanga puani, nayo isichokolewe nyumbani. Mtu mzima mwenye kamasi ya damu upande mmoja, isiyokoma, asingoje.

Usiku huohuo, bila kungoja asubuhi, mpeleke hospitalini mtu ambaye jicho limevimba au kusukumwa nje, anayeona vitu viwiliviwili, aliyevimba paji la uso, au mwenye kichwa kikali pamoja na shingo iliyokakamaa, kutapika au kuchanganyikiwa. Chumba cha sainasi na tundu la jicho hutenganishwa na mfupa mwembamba kama karatasi. Chukua ile tarehe uliyoiandika kwenye kalenda, pamoja na pakiti za dawa zote alizomeza, uzitie mfukoni mnapotoka.